Mchele wa Mama Mkwe

Ukitaka kujua Lamu ina mafundi wangapi wa kamera, idondoshe yako baharini pale gatini, saa nne ya asubuhi. Watatoka vichochoroni, watatoka misikitini, wengine watashuka juu ya punda, na kila mmoja ana dawa.

Yangu ilianguka Jumanne. Natoka Matondoni kupiga picha za jahazi lililokuwa likishushwa majini, bahari imekupwa, na zile ngazi za chini za gati zina mwani unaoteleza kama bamia ya jana. Mguu mmoja nikauweka ngazini, wa pili ukabaki kwenye boti, na boti nayo ikakumbuka ina safari zake. Nahodha aliniwahi kwa kunikamata kanzu. Kamera haikuwa na kanzu.

Mtoto mmoja wa pale akaizamia, akaitoa, akataka mia mbili. Nikampa. Kisha nikafanya jambo ambalo fundi akilikumbuka mpaka leo hushika kichwa: nikaiwasha. Sasa nifanyeje, jamani? Mtu akiopolewa majini si huitwa jina, ajulikane kama yungali hai? Nami nikaiita. Ikaitika "tii", kioo kikawa samawati, kikawa cheusi, na pale kwenye betri pakatoka harufu kama ya nywele zilizoungua.

"Ianike juani," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya viua, tena kwa sauti ya mtu aliyeanika kamera nyingi maishani mwake.

"Jua litaiua. Ipulizie ile mashine ya kukaushia nywele, ya kina mama."

"Mchele!" akasema muuza kahawa. Basi gati zima likapokea: mchele, mchele, itie kwenye mchele. Nadhani hata punda wangejaliwa kauli wangesema mchele. Kijana mmoja akatoa simu yake, akaniambia, "Ami, ungenunua kama hii, haiingii maji, ni IP68," akaanza kuinama aichovye baharini nione. Wakamzuia. Mimi kwa roho niliyokuwa nayo saa ile nisingemzuia.

Nyumbani mulikuwa na kilo mbili za pishori, zimewekwa kwa pilau ya Ijumaa kwa sababu mama mkwe alikuwa aje kutoka Faza. Nikazimwaga beseni.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "huo ni mchele wa mama."

"Unaazimwa tu."

"Mchele huazimwa?"

Nikamwacha. Nilipoichimbia kamera ndani nikapata wazo, na mawazo yangu ndiyo yaliyonifikisha nilipo. Nikajiambia: mchele uko nje, maji yako ndani, vitu hivi vitakutana vipi? Nikachukua bisibisi ndogo ya miwani, nikaanza kufungua kifuniko cha chini. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikafungulia juu ya beseni makusudi, kitu kikianguka kisipotee.

Skrubu ya kwanza, ya pili, nikaendelea hivyo hivyo mpaka nikafika ya mwisho. Bisibisi ikapenya ndani kidogo tu, ikagusa sijui nini. Wallahi, nilirushwa! Mkono uliruka ukapiga ukuta, bisibisi ikaenda uani, na kuku wakakimbia. Betri nimeitoa, umeme wa kijijini kwetu siku ile umekatika, sasa mimi nimepigwa shoti na nini?

Jumatano nikampelekea fundi mmoja kule Langoni. Kijana mdogo, haongei ovyo. Nilipofika kwenye hadithi ya shoti ndipo alipotabasamu.

"Hiyo ni kapasita ya flashi, mzee. Inaweka akiba ya kama volti 300, na betri ukiitoa yenyewe bado inashikilia. Una bahati."

Bahati! Kidole cheusi mpaka leo.

Akainusa kamera. "Maji ya bahari?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kwanza tuioshe kwa maji."

Nikadhani sikusikia vizuri. Kamera imekufa maji, naileta kwa tabibu, tabibu anasema tuitie maji tena? Nikaanza kuivuta. Akaishika upande wake. Tukavutana kidogo pale mezani, watu wazima.

Kumbe ana hoja. Lita moja ya bahari, akasema, ina kama gramu 35 za chumvi, yaani vijiko viwili vikubwa. Ukiikausha kamera, maji yanakwenda zake na chumvi inabaki. Na chumvi unaijua hapa kwetu: iache kwenye kibakuli usiku mmoja, asubuhi imelowa kwa kufyonza unyevu wa hewa. Kwa hiyo kamera unaikausha mchana, usiku inajilowesha yenyewe. Mchele haukamui chumvi; kazi yake ni kuingiza vumbi la unga kwenye matundu. Akaniambia hata kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaandikia wateja wake wasitie simu kwenye mchele. Kuhusu yule kijana wa gatini akacheka: IP68 hupimwa kwa maji matamu.

Kisha akafungua, akanionyesha. Pale umeme ulipopita nilipoiwasha, shaba ilikuwa imeshaota kutu ya kijani, kama sufuria isiyosuguliwa tangu Mfungo Tatu. Kwengine kote salama. Siku moja tu! "Ungetoa betri pale pale gatini," akasema, "ukaja nayo ndani ya ndoo ya maji matamu." Hebu fikiria mimi nikatize Mkunguni nimebeba kamera kwenye ndoo. Wangenisomea.

Maji aliyoyataka ni yale yasiyo na madini, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari, si ile asidi. Haya, tafuta maji ya betri ya gari katika mji ambao watu wanapanda punda. Nilizunguka mpaka magharibi. Nikayapata kwa jamaa mwenye betri za sola, akaniuzia chupa kwa bei ya marashi. Spiriti nayo nilinunua duka la dawa, fundi akairudisha: hiyo ni asilimia 70, akasema, kilichobaki ni maji. Ikabidi atumie yake ya 99 aliyoletewa kutoka Mombasa, na akaniandikia kwenye hesabu.

Akasugua kwa mswaki, taratibu, kama anamwosha meno maiti. Kadi ya picha hakuihangaikia, aliisuuza tu akaipangusa, na jahazi la watu lote limo, halikupungua hata tanga.

Ijumaa asubuhi nikaifuata. Imewaka. Flashi imekufa, na kitufe kimoja hubonyea chenyewe kikijisikia, lakini picha inapiga. Fundi akaniambia nitafute vile vipakiti vya maboksi ya viatu, niifungie navyo kwenye kopo, lenzi isiote kuvu.

"Ila mzee, hapa chini kuna matundu saba. Skrubu umeniletea sita."

Nikamwambia skrubu moja si kitu.

Baada ya sala tukakaa kwenye sinia. Mchele ulikuwa umerudishwa gunia lake, ukaoshwa, ukapikwa. Pilau imekolea, nyeusi, ina karafuu na pilipili manga nzima nzima kama anavyopenda mama mkwe. Tonge la tatu, akaacha kutafuna. Akatia vidole kinywani, akatoa kitu kidogo cheusi, akakigonga kwenye ukingo wa sinia. Kikalia "ting".

"Mwanangu," akaniuliza mimi, si bintiye, "karafuu hii mumeinunua wapi?"

Nikaiangalia vizuri. Hata nyuzi zake zilikuwa nzima. Ya saba.