Unatarajia Kulipwa Kiasi Gani?

Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa wasaili hapa Dar es Salaam, na sijaona swali linalomtoa mtu jasho kama lile tunalolibakiza mpaka mwisho, vyeti vikishakaguliwa na maswali ya kitaalamu yakishakwisha: "Unatarajia kulipwa kiasi gani?" Msailiwa aliyejieleza kwa ufasaha kwa nusu saa nzima hutazama meza, kisha akasema yuko tayari kupokea kulingana na taratibu za kampuni. Ni jibu lenye adabu, lakini halimsaidii yeye wala jopo.

Tatizo hili ni la sekta binafsi. Anayeomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huikuta ngazi ya mshahara, tuseme TGS D, imeandikwa ndani ya tangazo, hivyo anajua anachokiendea. Matangazo mengi ya kampuni hueleza kwa kirefu shahada inayotakiwa na miaka ya uzoefu, lakini yakifika kwenye malipo huishia kusema "mshahara mnono" au "maelewano".

Waajiri wanaotetea ukimya huo wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Mshahara ukitangazwa, mfanyakazi wa siku nyingi anayelipwa chini ya kiwango hicho ataingia ofisini kesho yake na tangazo mkononi, na mshindani wa kibiashara atajua aongeze kiasi gani ili awachukue watu. Isitoshe, nafasi moja inaweza kujazwa na watu wa viwango tofauti, kwa mfano mhasibu mwenye CPA, yaani ithibati ya juu ya taaluma ya uhasibu, na mwenzake ambaye bado anaisomea, na mwajiri anataka kubaki na uhuru wa kuwapima. Vilevile mshahara si malipo yote: kwa mkazi wa Mbagala anayelivuka jiji kila alfajiri kwenda Masaki, gari la kampuni na bima ya afya inayohudumia familia vinaweza kuzidi nyongeza ya fedha taslimu. Swali lenyewe pia huokoa muda, kwa kuwa hakuna faida ya kumwita mara tatu mtu ambaye bajeti haimfikii.

Hata hivyo, mazungumzo hayo hayaanzi katika usawa. Mwajiri anaijua bajeti na anajua aliyeondoka alikuwa akipata nini, ilhali mwombaji anabahatisha, na akitaja kiasi cha chini hakuna atakayemrekebisha. Nimeshuhudia jopo likifurahia "kuokoa" fedha kwa njia hiyo. Mwaka haukuisha kabla ya aliyeajiriwa kugundua pengo kati yake na mwenzake wa meza ya jirani, akaondoka, nasi tukaanza kutafuta upya.

Lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni swali linaloambatana nalo: "Unakotoka walikuwa wanakulipa kiasi gani?" Matarajio ni ya mtu mwenyewe, naye anaweza kuyatolea sababu. Mshahara wa zamani ni uamuzi wa mwajiri mwingine, na aliyeanza kwa malipo duni kwa sababu ya shida huendelea kuubeba uduni huo kila anakohamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sioni hilo litafikiwaje iwapo malipo mapya yanapimwa kwa hati ya mshahara wa zamani. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipiga marufuku swali hilo kuanzia Julai 2018, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lenye katazo kama hilo mwaka 2023.

Waombaji nao wana kosa lao, nalo ni kutaja kiasi bila kusema kama ni kabla au baada ya makato. Chukua mhitimu anayetaja shilingi 1,000,000 akiwazia fedha zitakazoingia mkononi, ilhali jopo linaandika mshahara ghafi. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 100,000; kodi ya mapato kwenye 900,000 zinazobaki ni 103,000; na kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000, inakatwa pia. Anabaki na 647,000. Huyu hakudhulumiwa na mtu, lakini mwezi wa kwanza atajiona amedanganywa. Afadhali aseme wazi "kabla ya makato", ataje kiwango cha chini na cha juu, kisha aulize bajeti ya nafasi hiyo. Kuuliza si utovu wa adabu, ingawa wapo wasaili wenzangu watakaokunja uso.

Mimi sasa humtajia mtu kiwango cha nafasi kwenye simu ileile ya kumwita kwenye usaili, na la mshahara wake wa zamani siliulizi kabisa. Njia hii ina gharama yake, maana karibu kila anayefika hudai kiwango cha juu, na inabidi nimweleze kwa hoja kwa nini hastahili kukianzia. Wengine hushukuru na kukataa papo hapo, nami nafasi zao za usaili huwapa wengine jioni hiyohiyo.