Leza ya sainasi: mwanga upo, ila unafika wapi?

Mtu akikuambia kuna leza inayotibu sainasi, muulize kwanza ni leza ipi, maana jina hilo limebeba vitu vitatu visivyofanana. Ipo ya upasuaji, inayochoma nyama zilizovimba ndani ya pua. Ipo ya nguvu ndogo, inayomulikwa usoni kwa ahadi ya kupunguza uvimbe. Na ipo ya tatu, yenye hoja ya maana ya kuua bakteria: pua hupakwa rangi, kisha rangi hiyo humulikwa. Vile vijiti viwili vya taa nyekundu vya kuchomeka puani, vinavyouzwa mtandaoni, havimo katika kundi hili la tatu. Havina rangi yoyote, na mwanga mwekundu hafifu ukiwa peke yake hauui bakteria.

Nitaongelea hiyo ya tatu, kwa sababu wanaoitetea si wababaishaji.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1900 huko Munich, mwanafunzi Oscar Raab alichapisha ugunduzi wake kwamba viumbe vya seli moja vilivyowekwa kwenye rangi ya akridini vilikufa kukiwa na mwanga, na gizani vikaishi. Siku hizi rangi inayotumika sana ni methilini bluu, ambayo daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliwahi kuwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Rangi hunata kwenye bakteria. Ikipigwa na mwanga mwekundu wa nanomita 660 hadi 670 hivi, hunyonya nishati na kuipasia oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo hugeuka kali kiasi cha kuunguza kila inachogusa: utando, protini, vinasaba. Kisha hutulia kabla hata haijasafiri upana wa bakteria mmoja.

Hapo watetezi wana hoja nzito. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja mahususi ya bakteria, na bakteria akiibadili sehemu hiyo, dawa imekwisha kazi. Oksijeni hii hushambulia kila mahali kwa pamoja, hivyo usugu ni mgumu kujengeka. Kwa dunia ambayo usugu wa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019, hilo si jambo la kupuuza. Tena katika sainasi sugu, ile inayozidi wiki 12, bakteria mara nyingi hujifunika utando wa ute ambao dawa ya kumeza huupenya kwa taabu. Maabara imeonyesha kwamba rangi na mwanga vinaweza kuuvuruga utando huo.

Ushahidi unaonukuliwa mara nyingi unatoka Vancouver, Kanada. Wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa wakisubiri upasuaji walipakwa methilini bluu puani na kumulikwa, na maambukizi ya vidonda vya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 2.7 hadi 1.6. Matokeo mazuri. Lakini walilinganishwa na wagonjwa wa miaka iliyotangulia, si na kundi lililochaguliwa kwa kura wakati uleule, na walifutwa mwili mzima kwa kloreksidini pia, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Halafu, na hili ndilo kubwa kwangu, pale palikuwa mlangoni mwa pua. Tundu la pua si sainasi.

Sainasi, zilizoupa ugonjwa huu jina, ni mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Lile la shavuni hutoa ute kupitia kijitundu cha milimita chache, kilicho juu karibu na dari yake, na mtu akiugua ndicho kinachovimba na kuziba. Mwanga haukati kona. Rangi isipofika, au ikafika bila mwanga, hakuna tiba.

Kuna pingamizi jingine, na linaigusa leza sawasawa na amoksilini ya duka la dawa. Sainasi za ghafla nyingi huletwa na virusi. Ni takriban asilimia 2 tu ya mafua ya watu wazima yanayoishia kwenye maambukizi ya bakteria. Na zile sugu mara nyingi ni uvimbe wa mzio au vinyama vya puani kuliko vita na kijidudu. Ukiua bakteria wote humo, unaondoa pia wale wenyeji wasio na ubaya, na uvimbe unabaki palepale.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna swali la nyongeza. Methilini bluu ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si nadra kwenye maeneo ya malaria. Kiasi cha puani ni kidogo, lakini daktari asiyeuliza hajamaliza kazi yake.

Mimi ningeipa nafasi kwa mgonjwa mmoja hasa: aliyekwisha fanyiwa upasuaji, milango ya sainasi zake ikapanuliwa, na bado usaha unarudi. Kwake mrija wa mwanga unapita. Hata hivyo ningetaka alinganishwe na mwenzake aliyeoshwa pua kwa maji ya chumvi tu, kwa sababu kuingiza rangi nako ni kuosha, na kuosha peke yake huwapa wagonjwa wengi nafuu bila taa yoyote.