Simba na Yanga: uhasama ulianzia nyumba moja

Ukimuuliza mzee wa Yanga chanzo cha uhasama na Simba, klabu hizi mbili za soka za Dar es Salaam, mara nyingi atakujibu kwamba wao walikuwa klabu ya wazawa na wapigania uhuru, wale wengine walibebwa na Waarabu wenye fedha. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ilikuwa karibu sana na TANU, chama kilichopigania uhuru. Wenzao walijiita Queens, wakaja Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, na hawakuwa Simba hadi 1971. Anayetaka kuwaita vibaraka wa mkoloni hakosi pa kushika.

Mimi naona ushahidi huo haujitoshelezi. Kwanza, Young Africans, jina kamili la Yanga, nalo ni la Kiingereza. Pili, na hili ndilo zito, waliounda Queens mwaka 1936 walitoka humo humo Yanga, klabu ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Ni watu wa Kariakoo waliogombana na watu wa Kariakoo; hadi leo kutoka Msimbazi, makao ya Simba, hadi Jangwani, makao ya Yanga, unatembea kwa miguu. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ikapasuka tena, nyota wake wakaondoka na ikazaliwa Pan African. Safari hiyo mkoloni alishaondoka. Ulikuwa ugomvi wa ndani, basi.

Siasa na fedha ziliukuta mpasuko upo, zikaupa maelezo ya heshima. Uchungu wenyewe umelishwa na matokeo: Yanga ilishinda 5-0 mwaka 1968, Simba ikashinda 6-0 mwaka 1977. Kibadeni wa Simba alifunga matatu siku ile ya 6-0, na vijiweni anatajwa na vijana ambao baba zao walikuwa bado hawajaoa.

Wapo wanaosema yote haya ni utani wa jadi, kwamba Msimbazi na Jangwani wanazikana na kuchangiana harusi. Kweli, wanazikana. Ila nenda uwanja wa Kwa Mkapa siku mmoja wao anapocheza na timu ya nje, utaona Mtanzania amevaa jezi ya mgeni, anapiga vuvuzela dhidi ya jirani yake wa mtaa mmoja. Mashabiki wa pande zote mbili wanafanya hivyo. Huo siuiti utani, na waliogombana 1936 hawakutuachia urithi huo; tumeutengeneza sisi.