Alama ya X juu ya andazi

Ijumaa iliyopita, saa saba na nusu mchana, mwalimu wa darasa la awali alituma picha mbili kwenye grupu la wazazi. Kushoto, kontena la vyumba vitatu: tikiti lililokatwa umbo la nyota, yai la kuchemsha, mkate wa brauni. Tiki ya kijani. Kulia, kopo la siagi lililobanwa kwa mpira, ndani maandazi mawili na kipande cha muhogo. X nyekundu, kubwa, imepita katikati ya andazi. Chini yake: "Wazazi tuzingatie lishe ya watoto wetu."

Jina halikuandikwa. La nini? Kila anayemfuata mtoto getini anajua lile kopo ni la nani. Zikaanza kumiminika: "Asante mwalimu", "Ubarikiwe", mikono ya kushukuru, mikono, mikono. Katikati ya mikono hiyo mama mwenzetu akaondoka kwenye grupu. Hakuna aliyesema kitu. Mikono ikaendelea.

Na mimi mikono yangu imo. Huwa naiweka kabla hata sijafungua picha.

Kwa hiyo nina hasira, na sehemu yake ni hasira ya kujikasirikia, mtanivumilia.

Yule mama huwa soko la Mabibo, Dar es Salaam, saa kumi alfajiri kuwahi ndizi. Mtoto anaamshwa na bibi yake, anavalishwa na bibi yake, na maandazi yananunuliwa njiani kuelekea shule, na bibi yake. Bibi hana WhatsApp. Ana macho yanayomsumbua na simu ya kupokelea tu. Sasa niambieni ile X alipigwa nani. Alipigwa mtu aliyekuwa sokoni akibeba mikungu, mbele ya watu arobaini na kitu, kwa ajili ya kopo ambalo hakulifunga yeye. Mtu aliyelifunga mpaka leo hajui kama kuna tatizo, na Jumatatu kapita palepale kwa muuza maandazi.

Ndiyo, najua, maandazi na muhogo ni wanga juu ya wanga. Kipande cha samaki au maharage kidogo pembeni na habari ingekuwa nyingine. Ila muhogo umeanza lini kuwa aibu, jamani? Tumelelewa nao.

Kinachonikera ni kwamba tumepata simu, kitu kinachofika kwa mtu mmoja mmoja, kwa lugha yake, saa unayotaka, halafu tunaitumia kama ubao wa matangazo wa kijiji. Wiki mbili kabla ya hizo picha tulitumiwa PDF ya kurasa 14 kuhusu mlo wa mtoto. Jumapili, saa nne usiku. Nani anapika saa nne usiku? Ukurasa wa tatu una samoni. Wa nne una bluberi. Nilimuuliza dada wa gengeni kwetu Tabata kama ana bluberi, akaniuliza hizo ni dawa za nini.

Mimi uamuzi wa kula kwa mwanangu naufanya saa kumi na moja jioni, nimesimama kwenye genge, nimechoka, kuna matembele, kuna mchicha, kuna nyanya zilizoanza kulegea. Ukinitumia mstari mmoja saa hiyo, nitausoma. Kurasa 14 zimo kwenye simu hadi leo, zimekaa karibu na video za harusi.

Na usidhani hii ni ndoto ya mtu wa mjini. Nchi hii imeshafanya. Mwaka 2012 Wazazi Nipendeni, kampeni ya afya ya mama na mtoto, ilikuwa inakutumia meseji za kawaida, bure, kwa Kiswahili: unatuma neno kwenda 15001, halafu ushauri unakuja kulingana na umri wa mimba au wa mtoto. Mwenye kitochi alipata sawa na mwenye simu ya kupangusa. Mwenye mimba changa alikuwa hatumiwi habari za mwenye mtoto mchanga. Leo tuna picha, sauti na video, na tumerudi nyuma tukawa tunagongana vichwa kwenye grupu moja.

Nakubali kwa shingo upande kwamba kuelimishana kunahitajika. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Iringa na Njombe, mikoa inayotulisha mahindi na viazi, walikuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo si njaa tu, kuna namna ya kulisha. Sawa. Lakini kuelimisha ni pamoja na kusikiliza, na hapo naomba niseme yaliyonikuta kwangu, maana na mimi si malaika.

Kwangu anayepika ni dada. Ana kitochi. Ile PDF haikumfikia, na mimi sikumwambia neno moja kuhusu yaliyomo. Jumatatu hii, nikiwa bado nimevimba, nikamtumia meseji saa kumi jioni: apitie gengeni achukue matembele, ayapike na dagaa. Nikajiona mama wa mfano. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi, nalinakili lilivyo:

"Sawa mama. Ila mtoto anaficha vichwa vya dagaa chini ya sahani. Nikiwatwanga na karanga anakula na kuongeza. Na jioni hali vizuri sababu ya zile biskuti unazomwekea kwenye begi."

Biskuti ninazomwekea mimi. Mwaka mzima nalalamika mtoto hali usiku, nimenunua dawa za hamu ya kula, nimesikiliza ushauri wa kila mtu, na jibu lilikuwa jikoni kwangu. Hakuna aliyemuuliza. Angeniambia lini? Mimi nikirudi naangalia simu.

Mwalimu naye ana kitu kama hicho. Saa nne asubuhi anaona watoto wanakula nini na wanarudisha nini. Anajua nani anabadilishana yai kwa chipsi kavu, nani hula cha mwenzake. Mimi sijui, na natamani kujua. "Leo amerudisha ndizi, kala wali wote." Meseji hiyo haimwaibishi mtu, na ingenifanya nitafute kitu kingine badala ya ile ndizi. Hata sauti ya sekunde ishirini inatosha. Tena kwa bibi wa lile kopo simu ya kuongea ingefaa kuliko vyote, maana yeye hupokea.

Mtasema mwalimu mmoja atapiga simu ngapi. Kweli, nyingi, na bando ananunua mwenyewe. Basi shule imnunulie. Ada tunalipa.

Maana shule hiyohiyo ina kiduka ndani ya geti. Saa nne kamili dirisha linafunguliwa: chipsi kavu, pipi za kijiti, juisi za unga za rangi isiyopatikana kwenye tunda lolote, na soda. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Hakuna PDF iliyowahi kuandikwa kuhusu lile dirisha.

Kwa hiyo, mwalimu, Ijumaa hii ukitoa simu kupiga picha, anzia pale. Mwanga wa saa nne ni mzuri, na rangi nyekundu ya X bado unayo.