Tetemeko likishapita, nani aseme: msemaji mmoja au kila mwenye simu?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Bukoba nyumba zilianguka, sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya, na mtikisiko ukasikika mpaka Mwanza na ng'ambo ya mpaka, Uganda na Rwanda. Idadi ya vifo ilitajwa kuwa 17 katika siku za mwanzo, baadaye ikafika 19. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliachiwa swali ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha: siku kama ile, habari zitoke kwenye mdomo mmoja wa serikali, au ziachwe zipite redioni, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye vipaza sauti vya misikiti?

Wanaotaka mdomo mmoja wana hoja, tena nzito. Baada ya tetemeko lolote hupita ujumbe wa sauti unaodai kwamba saa nane usiku linakuja lingine kubwa zaidi. Hakuna chombo wala mtaalamu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko, lakini ujumbe huo unatosha kuwalaza watoto na wagonjwa nje kwenye mvua. Kinachojulikana ni kwamba mitikisiko inayofuata hupungua idadi: siku ya kumi huwa kama sehemu moja ya kumi ya siku ya kwanza. Mkubwa kuliko yote inayofuata, kwa wastani, huwa chini ya tetemeko lenyewe kwa takriban 1.2 kwenye kipimo cha ukubwa. Kwa lile la Kagera, hiyo ni kama 4.7, na inatosha kuangusha ukuta uliokwisha kupasuka. Uwezekano wa kuja kubwa kuliko la kwanza ndani ya wiki ni kama asilimia 5. Maelezo ya namna hii yanahitaji mtu mmoja anayeyajua, ayaseme vilevile asubuhi na jioni. Wakisema watano, asilimia 5 itageuka 50 kabla ya magharibi.

Kuna na suala la michango. Mwezi uleule wa Septemba 2016, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa watendaji wawili kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Tukio hilo linatumiwa na pande zote mbili. Wa kwanza wanasema ndiyo maana namba ya akaunti itajwe na mtu mmoja tu. Wa pili, wanaotaka kila aonaye aseme, wanajibu kwamba hata huko juu si salama, bora macho yawe mengi.

Hao wa pili tuwasikilize vizuri, maana hoja yao inaanzia kwa mwathirika mwenyewe. Habari rasmi hupanda ngazi: mtaa, kata, wilaya, mkoa. Huko inajumlishwa, inasainiwa, kisha inashuka, na ikifika chini aghalabu ni kesho yake. Inashuka ikiwa na idadi ya nyumba zilizobomoka na jina la kiongozi aliyetembelea. Mama aliyelala nje hajauliza hayo. Anauliza bomba gani linatoa maji, dawa ya kisukari ya mzee ataipata wapi, mtoto aliyepakiwa kwenye bodaboda amepelekwa hospitali ipi.

Tena kufunga midomo kuna gharama inayopimika kwa roho za watu. Uturuki ilipigwa na matetemeko mawili Februari 6, 2023, la 7.8 na la 7.5. Siku mbili baadaye Twitter ikabanwa kwa saa kadhaa, wakati ndugu wa waliofukiwa wakiitumia kutaja mtaa na ghorofa. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayejua kuwa anachochapisha ni uongo na anakusudia kupotosha. Lakini msimamizi wa kundi la mtaa hana wakili pembeni. Ataona kunyamaza ni salama zaidi, na habari ya kweli kuhusu daraja lililokatika itanyamaza naye.

Kwa maoni yetu, ugomvi huu unakwama kwa sababu kila upande unazungumzia taarifa kama kitu kimoja. Vifo, akaunti za michango, maelezo ya mitikisiko inayofuata na usalama wa majengo vibaki kwa msemaji mmoja, hata vikichelewa. Maji, dawa, barabara, chakula na majina ya waliolazwa viachwe kwa aliyesimama pale anapoviona, mradi ataje nani, wapi na saa ngapi. Ujumbe unaofaa, tuseme kutoka Mabatini hapa Mwanza, ni mfupi: "Mabatini, kisima cha shule, maji yapo, saa 4 asubuhi, mpaka saa 10 jioni. Mwenyekiti wa mtaa." Ukikosa saa, kesho watu watapanda mlima na ndoo kufuata maji yaliyokwisha jana. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na halihitaji mwongo yeyote. Linatokana na habari ya kweli iliyochacha.

Njia ya kupitishia nayo si jambo dogo. Simu ya kupiga inahitaji nafasi yake peke yake kwenye mnara muda wote wa maongezi, kwa hiyo wote wakipiga kwa pamoja, karibu wote wanakosa. SMS hungoja foleni kisha hupita. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri saa chache, kisha hutegemea dizeli, na dizeli hutegemea barabara. Ndiyo maana saa sita za kwanza ni za SMS, na baada ya hapo redio.

Redio nayo ina hesabu zake. Kituo kidogo chenye mtambo wa wati 100, pamoja na mixa na kompyuta, kinakula kama wati 250. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 (100Ah), ukiitumia nusu tu ili isife, inatoa wati-saa 600. Hiyo ni chini ya saa mbili na nusu. Lakini kituo kikitangaza robo saa tu mwanzoni mwa kila saa, betri hiyohiyo inavuka saa tisa, na msikilizaji anajua awashe lini, chaji yake isiishe bure. Wengi watasikilizia kwenye kitochi, na baadhi ya vitochi havikamati FM bila waya wa earphone, maana waya ule ndio antena. Aliyekimbia na simu ya namna hiyo bila waya ana redio bubu mkononi.

Pia Mwanza ina milima. FM husafiri mstari mnyoofu, na nyuma ya mawe makubwa mawimbi hufifia. Gari la matangazo halipandi kwenye nyumba za juu za Mabatini wala Igogo. Huko kuna njia za miguu tu. Panabaki kipaza sauti cha msikiti chenye betri, mjumbe anayepita mlango kwa mlango, na karatasi ukutani ofisi ya mtaa. Tusiidharau karatasi. Ishinomaki, Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, gazeti la mji lilipokosa mtambo wa kuchapia, waandishi waliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa kwa siku sita na kuzibandika walikolala waathirika. Serikali ya huko iliruhusu pia redio za muda za maafa, takribani 30, na kibali kiliweza kutolewa kwa simu siku hiyohiyo.

Hapo kwenye kibali ndipo pande zote mbili zingeweza kukutana hapa kwetu. Halmashauri iwe na kibali kilichoandaliwa mapema, masafa yanayojulikana, betri mbili zinazochajiwa kila mwezi, na orodha ya mambo yale manne ambayo mtangazaji hayagusi mpaka msemaji aseme. Kigumu kitakuwa Ukara na visiwa vingine vya Ukerewe, ambako habari, kama mafuta, huvuka kwa chombo. Huko betri na mtambo visisubiri kuletwa, viwekwe kisiwani kabisa, na bajeti ya kuvitunza ijulikane inatoka fungu gani.