Boti ya Upepo, Jua la Nungwi

Juzi baada ya alasiri shemeji kanijia na simu mkononi, meno yote nje. Kapata boti. Ya mpira wa kujazwa upepo pembeni, tumbo la faiba, inatoka Ulaya, "imetumika kidogo tu, tena kwenye baridi." Anataka kupelekea wageni kisiwani Mnemba. Nikamuuliza swali moja: mpira wake ni PVC, ile plastiki, au Hypalon, ule mpira wa kiwandani? Kanitazama kama nimemuuliza jina la bibi yake muuzaji.

Hapo ndipo presha ikapanda.

Tuelewane, boti hizi sizichukii. Nimezipanda. Kusi likichafua bahari, mle ndani unakaa kama uko juu ya godoro, wakati boti ya faiba tupu inakugonga kiuno mpaka unamkumbuka kila uliyemdhulumu. Ukiisogeza ubavuni mwa meli haikwaruzi. Ikijaa maji, mipira inaibeba. Haya, nimesema, msinilazimishe kurudia.

Wala si maajabu mapya. Ngalawa ikitaka kulala upande, tengo la pembeni linaisimamisha. Mpira unafanya kazi hiyo hiyo. Wenzetu wa shule ya Atlantic College, kule Wales, walifika hapo hapo kwa njia yao miaka ya 1960, na mwaka 1972 RNLI, waokozi wa baharini wa Uingereza, wakaanza kutumia boti ya namna hii, Atlantic 21. Lakini tazama boti za waokozi wale zinavyoishi: zinatoka, zinaokoa, zinarudi, zinaogeshwa maji baridi yasiyo chumvi, zinalazwa bandani. Zinalala vizuri kuliko mimi.

Ya shemeji italala wapi? Mchangani, jua la saa saba likiipiga utosini. PVC ndiyo ya bei nafuu, na jua ndilo linaloimaliza: inakakamaa, mishono inaachia. Hypalon inavumilia zaidi, ila na bei yake inataka mvumilivu. Hata upepo wenyewe una visa. Jaza asubuhi mpaka ukaze, mchana unavimba mpaka unaogopa kusogea karibu. Upunguze, ukishusha boti majini mipira inalegea kama mkate uliochovywa chai. Kila siku pampu.

Halafu ichanike. Na itachanika, maana siku za bamvua maji yakitoka huku kwetu tunabaki na mawe na chaza. Faiba yangu ilipigwa na jiwe mwaka juzi, ikapata tundu la kupita ngumi. Fundi kaja na grainda, matti (kile kitambaa cha nyuzi za faiba) na resini, akakwangua, akabandika, akala urojo wake huku kiraka kinakauka. Kesho yake nilikuwa baharini. Kiraka kibaya, rangi haifanani, lakini hakipitishi tone. Sasa gundi ya mpira: inataka pakwanguliwe, pasafishwe, pawe pakavu, na hewa isiwe na unyevu mwingi. Unyevu! Kisiwani! Masika nguo zangu zinakaa kambani siku tatu hazijakauka, gundi ndiyo ishike?

La nafasi nalipita tu: mita sita za mpira si mita sita za kukalia. Mipira inakula pande zote mbili, na mgeni analipia kiti.

Kama kazi yako ni doria, au kupeleka wazamiaji, na una banda, na una fundi anayejua mpira kweli (si yule wa kuziba tairi), nunua, nani kakuzuia? Shemeji hana banda. Ana mnazi mmoja, na kivuli chake mchana kinaangukia kwa jirani.

Nikamweleza yote hayo. Kanyamaza kidogo, akatafuta pa kutokea: "Sasa shemeji, mipira ikifa, tumbo la faiba si linabaki?"

Linabaki. Jembamba, limekaa chini, halina ukuta wa kuzuia wimbi. Wakipanda watu wanne linakunywa bahari.

Hajanijibu. Ila usiku ule nimeona kabadilisha picha yake ya WhatsApp. Kaweka boti.