Safari ya Hisani kwa Baiskeli Ichangie Anayetembea kwa Miguu

Msafara wa hisani wa baiskeli ukitangazwa, swali moja hufika kabla ya mchango wa kwanza: kwa nini hela za mafuta ya gari la huduma, za kulala na za kula zisipelekwe shuleni moja kwa moja, nanyi mkabaki nyumbani? Nimeulizwa na shemeji yangu, nimeulizwa kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani, na nimeulizwa na mama mmoja wa kanisani ambaye akishauliza alichangia kuliko sisi wote. Ni swali la haki. Nilikwenda nalo kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na njiani ndipo nilipopata msimamo nilionao sasa.

Upande wa fedha jibu lipo, na wengine wameshalifanyia kazi kwa miaka mingi. Kule Massachusetts, Marekani, kuna safari iitwayo Pan-Mass Challenge, iliyoanzishwa na Billy Starr mwaka 1980, ambayo huchangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Mwendeshaji hulipa ada yake mwenyewe, na huahidi kufikisha kiwango cha chini cha michango. Gharama za safari hubebwa na ada na wadhamini, ili kila dola aliyokusanya kwa ndugu na marafiki ifike Dana-Farber nzima. Safari hiyo imeshavuka jumla ya dola bilioni 1. Sisi tulikuwa kikundi kidogo, lakini tulishika utaratibu huohuo: kila mtu alijilipia kitanda na sahani yake, mafuta ya gari tukachangiana wenyewe, na fedha za hisani zikawekwa kwenye akaunti ambayo watia saini wake hawakuwa safarini. Kikundi kisichoweza kutenganisha mifuko hiyo miwili kisitoke kabisa. Hapo sina mjadala.

Ila hata mifuko ikitenganishwa, swali linabaki: ya nini kunyonga pedeli? Sisi ni watu wa michango. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunakaa vikao, tunaandika ahadi na kufuatana mpaka zilipwe. Lakini mchango wetu humfuata mtu tunayemjua. Ukimwambia binamu yako achangie shule asiyowahi kuisikia, atakujibu vizuri kisha atanyamaza. Ukimwambia kwamba leo umelala Gairo na kesho unakwenda Dodoma, na kwamba aliahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, anaanza kukufuatilia. Anakupigia jioni kuuliza umefika wapi. Jasho la mtu anayemjua ndilo linalomfikisha kwenye shule asiyoijua.

Isitoshe, nchi hii inaielewa safari kama namna ya kusema jambo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Tangu 2019 waendesha baiskeli wa Twende Butiama wamekuwa wakitoka Dar es Salaam kwenda kijijini kwake kumuenzi. Kabla yao, tangu 2002, Kili Challenge imekuwa ikikusanya fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi kwa kupanda Mlima Kilimanjaro na kuuzunguka kwa baiskeli. Kwa hiyo sitetei jambo geni.

Ninachotaka kubishia ni kitu tunachokichangia. Sisi tulichangia madawati, kama wanavyofanya wengi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walijaa madarasani, Rais Magufuli akaagiza mikoa imalize upungufu wa madawati, na tangu hapo dawati limekuwa jibu la kwanza la kila kampuni, kila benki na kila kikundi chenye nia njema. Dawati ni jema na mtoto asikae sakafuni. Lakini upungufu wa madawati huonekana hata kwa mtu aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi, akaingia darasani na kutoka. Mtu aliyekaa kwenye tandiko la baiskeli huona kitu kingine, na kama hakichangii hicho, basi safari yake angeweza kweli kuifanya kwa basi.

Kipande cha kati ya Chalinze na Morogoro kilinifundisha mapema. Tuliwakuta wanaume waliofunga magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli za Phoenix, mzigo umepita kichwa cha mwendeshaji, wengine wakisukuma kwa miguu penye mwinuko. Tulisimama chini ya mti alipokuwa amepumzika mmoja wao, mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi?"

"Mwanza."

Aliziangalia baiskeli zetu, mbele na nyuma. "Mmebeba nini?"

Tulimweleza habari ya hisani na madawati. Akasikiliza kwa heshima, akasema ni jambo zuri, kisha akauliza kama tuna kiraka cha tyubu. Tulikuwa navyo tele. Tulimpa pakiti nzima na gundi yake. Katika safari yote hakuna msaada uliofika haraka namna ile kwa mtu aliyeuhitaji, na haukuwa kwenye mpango wetu wowote.

Kutoka Dodoma njia inashuka kwenye tambarare ya Bahi, joto linakaa juu ya lami, halafu baada ya Kintinku unaukuta ukingo wa Bonde la Ufa na unapanda kupitia Saranda mpaka Manyoni. Mlima ule sitausimulia sana, aliyeupanda anaujua. Nataka kusimulia asubuhi iliyofuata, tulipotoka Manyoni kuelekea Singida kabla jua halijachomoza, kwa sababu upepo wa Singida ukishaamka haukuachi.

Barabara ilikuwa na wanafunzi. Sare zao ndizo zilizotangulia kuonekana kwenye mwanga wa taa zetu, mashati meupe pembezoni mwa lami, wawiliwawili, wengine na fagio au dumu la maji mkononi. Tuliwapita, tukasalimiana. Tukaendesha kitambo kirefu, tukawakuta wengine wanaokwenda upande uleule. Mwenzetu mmoja akapata pancha. Tulipomaliza kuziba na kujaza upepo, kundi tulilolipita nyuma likatufikia na kutupita, bado linatembea. Niliangalia saa. Nilianza kupiga hesabu ya umbali wao kwa miguu yangu mwenyewe, ambayo tayari ilikuwa inauma, na nikaelewa kwamba dawati nililokwenda kulichangia litamkuta mtoto huyu amefika akiwa amechoka, au halitamkuta, kwa sababu siku nyingine hafiki. Kwa gari ungewapita wale watoto kwa dakika chache na ungewahesabu kuwa sehemu ya mandhari. Kwa baiskeli unaishi nao asubuhi nzima.

Hapa ushahidi upo. Zambia walifanya utafiti wa kuwapa baiskeli wasichana wa shule za vijijini wanaotembea mbali, kupitia World Bicycle Relief, shirika lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Utoro ulipungua kwa asilimia 28, na muda wa kwenda shule ulipungua kwa takriban theluthi moja. Baiskeli zenyewe, ziitwazo Buffalo, zimeundwa kwa chuma kizito na keria inayohimili kilo 100. Hazina gia za kifahari. Ni baiskeli za kazi.

Najua wanavyosema watu: mpe mtoto baiskeli, kesho baba anabebea mkaa, keshokutwa imeuzwa. Ni hoja ya watu wanaokijua kijiji na siwezi kuipuuza. Ndiyo maana mpango ule haugawi baiskeli na kuondoka. Mwanafunzi na mzazi huweka sahihi, kamati ya pale pale husimamia, baiskeli huwa mali ya mwanafunzi akitimiza muda wa masomo waliokubaliana, na mafundi wa eneo hilo hupewa mafunzo na vifaa. Kwangu mimi fundi ndiye moyo wa jambo lote. Baiskeli bila fundi hudumu mpaka pancha ya tatu. Tulipita senta nyingi ambako fundi baiskeli alikuwa na pampu moja, spana mbili na kopo la maji ya kutafutia tundu, na foleni ya watu wanaomsubiri. Boksi la tyubu, spoku, mipira ya breki na minyororo, likiachwa kwake kwa mkopo nafuu chini ya usimamizi wa kamati ya shule, lingefanya kazi muda mrefu baada ya picha zetu za makabidhiano kusahaulika.

Na baba akibebea mkaa Jumamosi? Abebe. Jumatatu mtoto aende shule nayo.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyewahi kuendesha njia ile hulijua mgongoni mwake: malori. Barabara hii ya kati inabeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na gari nyuma lenye taa zinazowaka, vizibao vya kung'aa na bendera. Mzee wa mkaa hana. Mwanafunzi wa Manyoni hana. Lori likija nyuma na basi likija mbele, wao hushuka kwenye changarawe, na mahali pengine ukingo wa lami umekatika kiasi kwamba kushuka ni kuanguka. Vikundi vyetu hupokewa na viongozi wa wilaya na mikoa, tunapewa kipaza sauti, tunasema asante kwa mapokezi. Kipaza sauti hicho kitumike kuomba mabega mapana ya barabara na njia ya baiskeli karibu na kila shule na kila senta. Tumetoka kuipita barabara yenyewe muda huohuo, sehemu mbovu tunaweza kuzitaja moja moja kwa majina, na kiongozi hawezi kutuambia hatujui tunachokisema.

Kikundi chetu kinajipanga kwa safari nyingine kupitia njia ileile. Nimependekeza michango yote iende kwenye baiskeli za wanafunzi na vipuri vya mafundi, na kwamba tuchague shule moja au mbili tu kati ya Manyoni na Ikungi tutakazozirudia kila mwaka, badala ya kuachia kila wilaya vitu viwili vitatu. Baadhi ya wenzangu wanaona madawati ni rahisi kuyahesabu na kuwaonyesha wachangiaji, na mabishano yanaendelea. Wakati huo natafuta mafundi. Kama unatoka maeneo hayo na unamfahamu fundi baiskeli ambaye watu wanamwamini kwa vipuri vya mkopo, niandikie jina la senta yake na shule iliyo karibu naye.